Fundi wa Unga Limited aliyekataa kuipiga rangi Land Rover ya baba

Nianze na alama, maana najua wengine mnasoma mistari ya mwanzo na kuondoka. Kazi: nne na nusu kati ya tano. Muda: mbili. Bei: ya haki. Choo: hakuna, utakwenda kuomba kwa mama ntilie wa jirani. Kama una gari la zamani ambalo halijawahi kuvuliwa rangi wala kupakwa upya, na unataka wanao walipokee likiwa hivyo hivyo, mpelekee fundi huyu mzee. Kama unataka ling'ae kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, zipo gereji nyingine hapo hapo mtaa wa Unga Limited, Arusha, na watakumalizia haraka.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli, ya mwaka 1976, injini ya petroli ya lita 2.25, na juu ina lile paa la pili la kuzuia jua. Ilikuwa mali ya serikali. Marehemu baba alikuwa bwana mifugo Monduli, akaizungusha kwenye majosho ya Umasaini miaka mingi kabla haijawa yake, na ilipopigwa mnada akaichukua yeye. Tangu hapo hakuna aliyeigusa rangi. Kijani kimepauka, na kwenye kingo za boneti kimekwisha kabisa, alumini iko wazi. Mlango wa kushoto, ukiutazama jua la jioni likiwa limelala, unaonyesha kivuli cha maandishi ya wizara yaliyofutwa kabla ya mnada. Madigadi ya mbele ina mkwaruzo mrefu wa pembe ya ng'ombe. Nyuma, sakafuni, kuna matundu manne ya bolti palipofungwa sanduku la barafu la kubebea chanjo ya sotoka.

Matundu hayo ndiyo yaliyonifanya niamue. Kijana wangu aliuliza ni ya nini, nikajikuta nasimulia mchana mzima: jinsi chanjo ilivyopaswa kufika kwa ng'ombe ikiwa bado ya baridi, baba anaondoka alfajiri barafu isiyeyuke, na ng'ombe walivyokuwa wakifa kwa maboma mazima pale ugonjwa ulipoingia. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Watoto wa siku hizi hawana sababu ya kuijua. Wangu wanaijua kwa sababu ya matundu manne kwenye bati, na sikuwa tayari kuona mtu anayaziba.

Sasa jaribu kumweleza hayo fundi wa kawaida. Nilizunguka gereji kadhaa hapa mjini. Jibu lilikuwa moja: "Mama, hii tuivue yote, tunyooshe bodi, tupige puti ya kuziba mabonyeo, tupige msasa, halafu tuipake rangi ya kisasa, utaipenda." Mmoja aliniuliza, "Mzee yuko wapi tuongee naye?" Mzee wangu, yaani mume wangu, hajui tofauti ya difu na giaboksi, na wala haoni aibu kusema. Kwenye gereji nyingine, ambayo siitaji, nilikwenda kununua soda tu, nikarudi nikakuta kijana ameshika msasa ameshaanza kuukwangua mlango kwa chini. Niliondoka na gari langu saa ile ile. Alama ya msasa ipo mpaka leo, upana wa kiganja, na wanangu watairithi nayo.

Huyu mzee nilielekezwa na dereva mmoja wa kampuni ya utalii. Nilipofika nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kunywa chai yake. Alipomaliza alilizunguka gari mara moja bila kusema neno, akauliza:

"Unataka nini, mama?"

"Nataka wanangu waliendeshe, na walione kama babu yao alivyoliacha."

"Basi rangi hatugusi. Tutagusa kinachoua mtu."

Kila kilichofuata kilikuwa ndani ya sentensi hiyo, na ndiyo maana naandika. Usukani, breki, chasisi, tairi na waya zinazoweza kushika moto, hivyo havina mjadala, vinakuwa vizima hata kama itabidi kuweka kipya. Rangi, mikwaruzo, viti, dashibodi na bati zilizobonyea zinaachwa, ila zinazuiwa zisiharibike zaidi. Akipata kitu kilichokaa katikati ya makundi hayo mawili anakupigia simu.

Wengi wetu tunadhani Land Rover haiozi kwa kuwa bodi yake ni alumini. Bodi ni alumini kweli, Waingereza walianza nayo tangu ile ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Lakini chasisi ni chuma, tena ni boriti ya pembe nne iliyo tupu ndani. Tope huingia kwa vitundu vya chini, likakaa humo, likashika unyevu, na kutu ikaanza kula kutokea ndani. Kwa nje unaona chuma kizima cheusi. Na pale alumini inapogusana na chuma penye majimaji, inayolika ni alumini, inageuka unga mweupe. Wa kwangu ulikuwa kwenye pembe za chini za milango.

Mzee hakutumia kifaa chochote cha maana kulipima hilo. Alilala chini ya gari juu ya kipande cha boksi, ameshika nyundo ndogo ya kuweza kuingia mfukoni, akaanza kuigonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma, kila baada ya sentimita chache, taratibu. Ti, ti, ti, ti. Mlio mkavu, wa juu. Vijana wake walizima redio bila kuambiwa. Alipofika karibu na tanki la mafuta chini ya kiti, mlio ukabadilika, ukawa du. Akarudi nyuma kidogo: ti. Mbele tena: du. Akaomba chaki, akachora duara. Alipomaliza kulikuwa na maduara matatu, moja kwenye mkono wa chasisi unaoshika bodi upande wa dereva, na mawili kwenye boriti ya nyuma kabisa, ile inayopigwa na tope la magurudumu. Akachukua bisibisi, akaikandamiza katikati ya duara la kwanza. Ikazama bila kelele.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Puti juu ya kutu ni bandeji juu ya usaha, na miaka yote nimeona magari ya watu yakifungwa bandeji za namna hiyo na kurudishwa barabarani. Yeye alikata mpaka kwenye chuma kizima, akachomelea bati jipya la milimita mbili, akaacha mishono ya kuchomelea ionekane. Nilimuuliza kwa nini haisagi ikawa laini. Akasema atakayekuja kulifanyia kazi baada yake lazima ajue wapi palikatwa. Kabla ya kuchomelea aliliondoa tanki la petroli na kulipeleka mbali kabisa na uwanja. Nalitaja hili kwa sababu nimeshaona mafundi wasiolitoa.

Kuhusu tope: alizibua vitundu vya chini vya chasisi kwa waya, akaingiza maji ya presha ndogo, na kilichotoka kwanza ni uji wa kijivu. Vumbi la Monduli na Longido, la tangu enzi za baba. Kijana wangu alitaka kuliweka kwenye chupa, nikamwambia asinichoshe. (Aliweka. Iko kabatini.) Baada ya kuosha gari lilikaa juani siku kadhaa, kisha wakapuliza upepo wa kompresa ndani ya chasisi mpaka vitundu vikawa havitoi hata tone. Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia kupaka oili chafu chini ya gari, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini za watu. Mzee haitaki. Anasema inakula mipira ya bushi na kukamata vumbi, na mvua ya kwanza inaipeleka kwenye mtaro. Anatumia nta ya kunyunyizia, inayoingizwa ndani ya chasisi kwa mrija mrefu wenye tundu nchani.

Kwenye nta nina la kusema, kwa kuwa niliileta mwenyewe. Ilikuwa Waxoyl, shemeji aliniletea kutoka Uingereza. Ni nzuri, inatambaa mpaka kwenye mishono, na ikikauka inabaki laini, haipasuki. Shida ni baridi. Ile Julai ya Arusha inaifanya nzito, haipiti kwenye mrija. Ilibidi kopo likae kwenye beseni la maji ya moto kwanza. Ukipanga kazi hii, panga Januari au Februari: kuna joto na chasisi itakuwa kavu kwelikweli kabla masika hayajaingia. Na baada ya kunyunyiza, hakikisha vitundu vya chini vimezibuliwa tena. Nta ikiviziba, umeyafungia maji ndani.

Breki alizifungua zote nne. Mipira ya breki ilikuwa na nyufa, ikatupwa. Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya kahawa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo kila miaka miwili yanabadilishwa, uwe umeliendesha au hukuliendesha. Tairi nusura tugombane, maana hazikuwa vipara, kashata zilikuwa nzima kabisa. Akanionyesha ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi za DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zilikuwa na umri wa kijana wa sekondari. Mpira mkavu hupasuka ukipata moto barabarani, uwe na kashata au usiwe nazo. Nikanunua nyingine.

Kila alichokitoa alikirudisha kwangu. Kuna sanduku la bati nyumbani lenye mabomba ya breki, kabureta ya zamani, fanbelti, vibati vya chuma kilicholiwa, na kila kimoja kina kipande cha karatasi kilichofungwa kwa waya: kimetoka wapi, lini. Sikumwomba. Ni utaratibu wake.

Rangi ilioshwa kwa sabuni laini na kitambaa, ikapakwa nta ya kawaida ya gari kwa mkono, bila mashine. Mashine ingemaliza kile kidogo kilichobaki. Penye alumini tupu aliacha alumini tupu. Kiti cha dereva, kile cheusi, kilikuwa kimechanika mshono. Alimleta mshonaji wa viti akatia kitambaa kigumu kwa ndani, kwa hiyo kwa nje bado unaona mchaniko ila hauendelei. Vile vidirisha viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele, vyenye wavu wa kuzuia wadudu, alivisafisha kwa mswaki. Mabawa ya nzi yaliyokuwa humo sijui ni ya mwaka gani.

Jambo ambalo sikulitegemea: aliniambia gari la kurithishwa lije na warithi. Nilidhani ni mzaha. Jumamosi iliyofuata aliwapa wanangu ovaroli. Binti yangu, ambaye ni mhasibu na ana kucha ndefu, alifundishwa kupaka grisi kwenye kila chuchu ya propela shafti. Kijana alikaa kwenye stuli akipima nafasi za valvu kwa kile kipimo cha majani membamba ya chuma, 0.25 mm, mpaka akazijua kwa mguso. Kisha wote wawili wakatolewa nje ya mji, barabara ya vumbi, kujifunza fimbo mbili ndogo zilizo kando ya gia: ya njano unaikandamiza kupata magurudumu manne, nyekundu unaivuta kupata gia nzito. Binti alivuta nyekundu gari likiwa linatembea. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kwa darasa hili hakutoza kitu, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko kuchomelea, kwa sababu gari ambalo mrithi haliwezi litauzwa kwa dalali kabla ya arobaini.

Madalali nao wapo. Tangu Oktoba 2024, Arusha ilipofurika Land Rover za kila umri kwenye lile tamasha, kila wiki kuna anayesimama getini kuuliza bei. Tamasha nililipenda, nilitembea mpaka miguu ikavimba. Nyingi zilikuwa zimepakwa rangi mpya, zinapendeza, na sina ugomvi na wenye nazo. Gari lililooza bodi nzima halina budi kufufuliwa. Ila nilitafuta lenye alama za kazi, la mission, la halmashauri, la daktari wa ng'ombe, nikaona machache mno. Wanaouliza bei getini kwangu nao huanza na, "Ukipiga rangi utapata zaidi."

Bei sasa. Chasisi, kukata na kuchomelea pamoja na kuosha: shilingi 850,000. Kazi ya breki bila spea: 300,000. Kunyunyiza nta yangu mwenyewe: 120,000. Spea za Series bado zinapatikana Arusha kwa urahisi, maana magari haya yamebeba watalii na tope za nchi hii miaka na miaka, lakini mipira feki ni mingi. Mzee huukunja mpira mpya kwa vidole na kuunusa kabla hajaupokea, na mara mbili nilirudishwa dukani nao.

Kasoro. "Kesho" yake haina tarehe. Aliniambia kazi ni ya wiki mbili. Masika yalianza na kwisha gari bado lipo kwake. Hatoi risiti, hesabu ya kwanza aliniandikia nyuma ya boksi la plagi. Kwa gari la kurithisha karatasi ni nusu ya gari, kwa hiyo nilimpelekea kaunta buku, na sasa kila akifanya kitu anaandika humo, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Na kuna hili ambalo lilinikera kweli: riveti mbili za kwenye mlango wa nyuma alizitoa akaweka bolti mpya zinazong'aa, bila kuniuliza. Nilipolalamika alinigeuzia, "Mwanangu, riveti za saizi ile sikuwa nazo." Angenipigia simu kama alivyoahidi mwenyewe. Hapo ndipo nusu nyota ilipokatika. Ameahidi kuzirudisha. Kesho.

Mambo mawili ambayo hayahusu gereji lakini mtaniuliza tu. La kwanza, pa kulaza gari. Usiliweke kwenye udongo mtupu hata kama kuna paa, unyevu hupanda kutoka chini. Mwaga zege, au hata tandika mbao. Usilifunike kwa turubai la plastiki, hutoa jasho kwa ndani. Na ukiliwasha, liendeshe mpaka lipate moto sawasawa, si kuliunguruma dakika tano na kulizima. Injini ikizimwa kabla haijapata moto huacha maji ndani ya oili na ndani ya ekzosi.

La pili ni kadi ya gari. Baba alifariki kadi ikiwa na jina lake, na sisi tukaendelea kuendesha kama kawaida, kama familia nyingi. Nilipotaka kubadili jina, TRA, mamlaka ya mapato, walinirudisha: kikao cha ukoo, muhtasari, Mahakama ya Mwanzo, barua ya usimamizi wa mirathi, ndipo nirudi. Ndugu zangu ni waelewa na bado lilichukua muda. Kwa hiyo hili nalihamisha nikiwa hai. Watoto ni wawili na gari ni moja. Wamekubaliana kadi iwe ya binti na funguo za akiba ziwe za kijana, na lisiuzwe bila wote wawili kutia saini kwenye ile kaunta buku. Mwanasheria atacheka. Acha acheke.

Gereji haina bango. Ingia Unga Limited, uliza mzee wa Land Rover kuukuu, watakuonyesha. Ni uwanja wenye mwarobaini na chasisi mbili zimeegemezwa ukutani. Nenda asubuhi. Baada ya saa tisa mchana hapokei gari jipya, na Jumamosi yuko bize na madereva wa utalii. Magari ya kisasa hagusi, usimsumbue na Noah yako. Nta aliyonayo yeye ni ya kawaida tu; ukiweza kuagiza ya kwako, ibebe, pamoja na daftari.